Nani Ajuaye Ugonjwa wa Mjusi?

Huenda msomaji wangu akastaajabu kuona kwamba leo nimeziweka kando ngeli, vitenzi na istilahi, mambo ambayo ndiyo riziki yangu, nikaamua kuzungumzia mjusi. Tena si kenge wala mamba, wanyama wenye haiba yao, bali mjusi kafiri, yule mdogo wa rangi ya kijivu atambaaye darini usiku akisaka nondo karibu na taa. Kila nyumba ya Kisauni inaye. Hakualikwa, halipi kodi, na siku akifa hufagiwa pamoja na taka za asubuhi. Mimi mwenyewe nimeishi na vizazi vya mijusi hawa kwa miaka arubaini na ushei bila ya kumtazama hata mmoja kwa makini. Mwaka jana mmoja wao aliugua nyumbani kwangu Mlaleo, akafa, nami nimebaki na deni ambalo naona ni heri nilikiri mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi.

Chanzo ni paka. Wakati wa masika, binti yangu, ambaye alikuwa na umri wa miaka 12, alimnasua mjusi kutoka makuchani mwa paka wa jirani. Mkia ulikuwa umekwisha kukatika na ulikuwa ukifurukuta peke yake sakafuni, jambo lililotufanya sote tuamini kwamba mnyama yule alikuwa akikata roho. Kumbe sivyo. Mjusi huuacha mkia wake kusudi, adui aushughulikie huku mwenyewe akiponyoka, na baada ya wiki kadhaa mkia mwingine huota. Lakini hasara ipo, kwani mkia ni ghala. Humo ndimo mjusi awekamo mafuta ya kumfaa siku za njaa, na aliyeupoteza ni sawa na mkulima aliyechomewa ghala katikati ya mwaka. Hilo sikulijua. Binti yangu alimtia katika tangi la kioo lililokuwa la samaki, akampa jina la Chausiku, kwa kuwa mjusi huyu huamka giza liingiapo.

Mama yangu hakupendezwa. Alisimama mlangoni akauliza, “Kafiri huyo mwamweka wa nini?” Wapwani wengi wanaijua riwaya anayoiegemea mama: kwamba Nabii Ibrahim alipotiwa motoni, mjusi aliupuliza moto ule ili uzidi kuwaka. Sikudiriki kubishana na mzazi wangu juu ya jambo la imani, wala silo lengo langu hapa. Nasema tu, kama mtu wa isimu, kwamba ni viumbe wachache wabebao hukumu katika majina yao kama huyu. La ajabu zaidi ni kwamba hata ng'ambo hakusalimika. Mjusi huyu asili yake ni Afrika, lakini amekwisha kuenea mpaka Amerika na visiwa vya Karibi, na huko ndiko walikopatikana wale waliotumiwa kumpa jina la kitaalamu mwaka 1818. Jina hilo ni Hemidactylus mabouia, na neno mabouia limetoka katika lugha ya Wakaribi, ambao kwao lilimaanisha pepo mbaya. Huku kafiri, kule pepo.

Baada ya kumkubali mgeni, niliona kwamba mimi, nikiwa msomi, sina budi kusaidia kwa njia ya kisomi. Nikamtafutia binti yangu kijitabu cha ufugaji wa mijusi kilichochapishwa Uingereza. Kilikuwa na picha nzuri na maagizo ya wazi: tandaza mchanga mkavu, weka taa ya joto juu ya tangi, mlishe wadudu, hakikisha hapana unyevu. Tukayafuata maagizo yote. Mchanga tuliuchota ufuoni, tukauosha, tukaukausha juani, kisha tukafunga balbu ya wati 40 juu ya tangi. Joto la Mombasa la mwezi wa Aprili halikututosha, tukaliongezea taa!

Kosa langu ni kwamba sikuisoma kwa uangalifu kurasa ya kwanza. Mjusi anayezungumzwa katika kijitabu kile ni yule wa madoa aitwaye mjusi chui, mnyama wa nchi kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi ya India, ambaye hufugwa kwa wingi Ulaya na Marekani. Huyo hutembea chini, hana vidole vya kushika ukuta, na ana kope anazoweza kuzifumba. Mjusi wetu hana kope. Macho yake hufunikwa na utando mwangavu ambao huusafisha kwa ulimi, naye huishi ukutani, katika hewa nzito ya bahari. Wapo wageni wa mwanzo walioieleza lugha ya Kibantu kwa kipimo cha Kilatini, wakatafuta jinsia ya kike na ya kiume pahala palipokuwa na ngeli. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu kuucheka upotovu huo. Nyumbani nikaufanya uo huo, kwa balbu na mchanga.

Mnamo wiki ya tatu binti yangu aliniita. Chini ya masikio ya Chausiku, pande zote mbili za shingo, palikuwa na uvimbe mweupe, kila mmoja kama punje ya mchele. Mama alichungulia mara moja tu, akatoa uamuzi: “Ana machubwichubwi huyo.” Nami niliafiki. Uvimbe shingoni, kwa mwanadamu, si jambo la kupuuzwa. Ama ni machubwichubwi, ama ni tezi, ama ni jipu linaloiva. Nikamtia mjusi katika kopo lililotobolewa matundu, nikapanda matatu hadi kwa daktari wa mifugo ninayemfahamu, mzee aliyestaafu ambaye siku hizi ana duka la dawa za mifugo.

Mzee yule alicheka kwanza, na sikumlaumu. Kisha akavaa miwani. Alimpindua Chausiku taratibu ndani ya kopo, akalielekeza tumbo lake kwenye mwanga, akanionyesha vitu viwili vyeupe vya mviringo vilivyoonekana dhahiri kupitia ngozi nyembamba.

“Mwalimu,” akasema, “huyu si mgonjwa. Huyu ni mja mzito.”

Akanieleza kwamba ule uvimbe ni vifuko vya chokaa. Mijusi wa aina hii, hasa majike, huweka akiba ya madini ya chokaa katika vifuko vilivyo shingoni, na wakati wa kutunga mayai huyachota humo ili kulifanyiza ganda. Alinikumbusha kuku wa mayai, ambao kila mfugaji wa Kisauni hujua kwamba wasipopewa chokaa hutaga mayai laini, mwisho wakalegea miguu. “Akishataga,” akaongeza, “akiba hiyo itakuwa imekwisha. Saga mfupa wa ngisi, ule mweupe unaookotwa ufuoni, uwanyunyizie wadudu unaompa. Na umwondolee taa hiyo.” Hakutaka malipo. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nikiwa na bashasha ya mtu aliyepewa habari njema.

Baada ya siku chache Chausiku alitaga. Mayai yalikuwa mawili, meupe, yenye ganda gumu, ameyabandika kwenye kipande cha gome la mwembe tulichomwekea ajifiche. Asubuhi ile nilitazama shingo yake nikaona kwamba uvimbe umetoweka kabisa. Nikamwambia binti yangu kwa furaha, “Umeona? Amepona.”

Naomba msomaji alitafakari neno hilo. Kile nilichokidhania ugonjwa kilikuwa ndiyo siha yake, na kutoweka kwake, ambako nilikuita kupona, kulikuwa ndio mwanzo wa maradhi. Daktari alikuwa amenieleza hayo kinagaubaga. Lakini jicho langu lilikuwa limezoea kusoma mwili wa binadamu, na kwa binadamu uvimbe ukiondoka tunashukuru Mungu.

Yaliyofuata sikuyaona. Ulikuwa wakati wa kusahihisha mitihani, nilikuwa nikitoka alfajiri na kurudi usiku kwa foleni za Daraja la Nyali, na kila binti yangu aliponieleza jambo kuhusu mjusi wake nilimjibu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Balbu niliizima kwa siku mbili, kisha mtu akaiwasha tena, nami sikuuliza. Chausiku alikufa mwezi mmoja na siku kidogo baada ya kutaga. Ndipo nilipoliomba lile daftari.

Binti yangu alikuwa na daftari la kurasa 96 ambalo ndani yake aliandika habari za mjusi karibu kila siku. Hakuagizwa na mwalimu, wala hakujua kwamba anachokifanya kina jina. Ninayanakili hapa baadhi ya maandishi yake kwa idhini yake.

“Jumatatu. Amejivua gamba akalila lote. Vidoleni limebaki kidogo kama soksi.”

“Alhamisi. Saa nane mchana yuko nje juu ya mchanga. Chausiku wa mchana!”

“Jumamosi. Amepanda kioo akaanguka. Akapanda tena akaanguka. Baba amesema atatafuta mfupa wa ngisi.”

“Jumanne. Nimempa nondo. Amemrukia akamkosa, kisha akamwacha.”

“Jumamosi. Baba amesema Jumamosi ijayo.”

“Jumatano. Mguu wa nyuma unatetemeka. Mdomo haufungi sawasawa, taya la chini kama limelegea.”

“Ijumaa. Amekuwa mweusi hata usiku. Zamani usiku huwa mweupe.”

“Jumamosi. Baba ameleta unga. Chausiku amekufa alfajiri.”

Nimesahihisha tasnifu nyingi katika maisha yangu. Sikumbuki nyingine iliyonitia haya kama kurasa zile.

Tuanze na soksi. Mjusi hujivua gamba mara kwa mara, na kulila gamba hilo ni tabia yake ya kawaida, si dalili ya njaa wala wazimu. Lisilo la kawaida ni gamba kubaki vidoleni. Chini ya kila kidole cha mjusi mna safu za vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu, na ndivyo vinavyomwezesha kutembea juu ya kioo na dari. Hakuna gundi wala ufyonzaji. Watafiti wa Marekani walionyesha katika miaka ya 2000 na 2002 kwamba ni mvutano mdogo kati ya molekuli za vinyweleo na za ukuta. Gamba likivifunika vinyweleo hivyo, mjusi huwa kama mtu aliyevishwa glavu akatakiwa achambue mchele. Likikauka zaidi hukaza kama uzi, likazuia damu, na kidole hukatika. Sababu kuu ya gamba kukwama ni ukavu wa hewa, na ukavu ule tuliununua sisi wenyewe kwa bili ya umeme. Pangetosha kuondoa taa na kuweka pembeni kitambaa chenye unyevu. Na gamba lililokwama halivutwi likiwa kavu. Mjusi huwekwa katika maji ya vuguvugu yasiyofika tumboni, kisha gamba hutolewa polepole kwa pamba iliyolowa.

Kuhusu kutoka mchana, hilo peke yake halitoshi kuwa ushahidi, kwani hata mjusi mzima huweza kutoka akitafuta joto. Lakini dalili haisomwi pekee, kama vile neno lisivyosomwa nje ya sentensi. Mjusi wa usiku atokaye mchana, anayeanguka, anayeukosa mdudu aliye mbele ya pua yake, na ambaye mkia wake mpya haunenepi, huyo amekwisha kusema yote awezayo kusema.

Mtetemeko na taya lililolegea ndizo zilizokuwa herufi kubwa. Misuli haiwezi kufanya kazi bila ya chokaa katika damu. Mwili ukikosa chokaa katika chakula huichota mifupani, na mifupa ikishachotwa taya hulainika, miguu hupinda, viungo hutetemeka. Chausiku alikuwa ametoa akiba yake yote katika mayai mawili, na chakula tulichompa kilikuwa mchwa na nondo watupu, wadudu ambao chokaa yao ni haba. Ukutani angejichagulia wadudu wa kila aina. Isitoshe, tuliliweka tangi dirishani tukidhani anapata jua, ilhali kioo huizuia ile sehemu ya miale iuwezeshayo mwili kutengeneza vitamini D, na bila ya vitamini hiyo hata chokaa iliyoliwa haifyonzwi ipasavyo. Naongeza tahadhari moja kwa wenye nyumba: mtetemeko huweza pia kuletwa na sumu. Mende aliyepuliziwa dawa akiliwa na mjusi, dawa ile humfikia mjusi.

Rangi nayo ina sarufi yake. Mjusi kafiri huwa mweusi-mweusi mchana akiwa amejificha, na huwa mweupe, karibu mwangavu, usiku akiwa kazini. Aliyebaki na weusi wake usiku baada ya usiku mara nyingi ana baridi, ana hofu au ana maradhi. Mimi nilikuwa nikiingia chumbani mle kila usiku kumtakia mwanangu usiku mwema, na sikujua hata kwamba mjusi ana rangi mbili.

Zipo dalili nyingine ambazo Chausiku hakuwa nazo, lakini mwenye mjusi hana budi kuzijua. Kinyesi cha mjusi mwenye afya ni kigumu, cheusi, chenye ncha nyeupe ambayo ndiyo mkojo wake. Kikiwa majimaji siku nyingi, huenda kuna vimelea tumboni. Macho yaliyodidimia na ngozi iliyokunjamana ni kiu. Kuhema kwa mdomo wazi, pamoja na mapovu puani, ni maradhi ya mapafu. Vidoa vyekundu katikati ya vidole au kwenye tundu la sikio ni utitiri. Usaha mzito mdomoni ni kidonda kilichooza. Na jike ambalo mayai yake yaonekana tumboni muda mrefu huku akidhoofu, asitage, yumo hatarini. Katika hali zote hizo daktari anahitajika, na daktari mwema hatacheka zaidi ya mara moja.

Si kila jambo geni ni ugonjwa, hata hivyo. Hapa hapa Kisauni, katika bustani ya Haller Park pale Bamburi, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 alimganda kobe mzee aliyetoka jamii ya Aldabra, akawa anamfuata, analala naye, anakula naye. Dunia nzima ilishangaa. Lakini aliyewajua viboko alijua kwamba mtoto wa kiboko humganda mama yake. Kilichokuwa kigeni ni yule aliyegandwa tu. Aliyeijua tabia ya kawaida ndiye aliyeweza kuueleza ugeni ule.

Katika isimu tuna desturi ya kuweka kinyota mbele ya sentensi isiyokubalika. Tukiandika *mtoto hiki amelala, kinyota kile kinasema: mwenye lugha halisemi hili. Anayeweza kukiweka ni mwenye lugha peke yake, yule aliyesikia maelfu ya sentensi sahihi mpaka ile moja yenye kasoro ikamkwaruza sikio. Mgeni mwenye kamusi na kitabu cha sarufi hawezi. Binti yangu, kwa kumtazama mjusi mmoja usiku baada ya usiku, alikuwa mwenye lugha. Ile alama ya mshangao aliyoiweka baada ya “Chausiku wa mchana” ni kinyota. Mimi nilikuwa mgeni mwenye kijitabu.

Tena kuna umaskini wa msamiati unaopaswa kutajwa. Kiswahili kina kideri kwa kuku na ndigana kwa ng'ombe. Kina sotoka, ugonjwa uliotangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani, na jina lake lingali hai. Wafugaji waliyatazama mabadiliko ya mifugo yao kwa sababu maisha yao yalitegemea mifugo hiyo, wakayapa majina. Mjusi hana hata homa. Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba mjusi wetu anaumwa, walicheka kabla sijamaliza sentensi, kana kwamba nimesema kiti kinaumwa. Nadhani ndiyo sababu daftari la mwanangu linasema “amekuwa mweusi”, “ameanguka”, “anatetemeka”, lakini hakuna pahala palipoandikwa “anaumwa”. Alikuwa na ushahidi wote. Neno hakupewa.

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya watoto. Na atazame Kimboza. Huo ni msitu mdogo mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na humo huishi mjusi ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa mno, urefu wake haupiti kidole. Makazi yake ni majani ya mkadi, wa aina ambayo jina lake la kitaalamu limetokana na Rabai, si mbali na hapa tulipo. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walimpenda. Inakadiriwa kwamba kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009 mijusi zaidi ya 30,000 walichukuliwa kutoka msituni, na baadhi ya wakusanyaji waliikata mikadi yenyewe ili kuwafikia. Mwaka 2012 mjusi huyo aliorodheshwa miongoni mwa viumbe waliomo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na mwaka 2016, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Johannesburg, mataifa yakaafikiana kuipiga marufuku biashara ya wale wanaotwaliwa porini. Najiuliza ni wangapi kati ya maelfu hao waliotua katika tangi la mtu kama mimi, mwenye nia njema, taa, na kijitabu cha mjusi mwingine. Mnyama mdogo anayewindwa na kila mwenye meno huficha udhaifu wake mpaka siku ya mwisho, kwani porini aonekanaye dhaifu ndiye aliwaye kwanza. Mfugaji asiyemjua huambiwa na maiti.

Nikirudi kwetu, sipendi mwalimu yeyote asome makala haya kisha awatume wanafunzi wakakamate mijusi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka anayemfuga mnyamapori awe na kibali, na nakiri kwamba nililijua hilo baadaye, baada ya kosa. Mijusi pia huweza kubeba vijidudu vya salmonela bila ya wao kuugua, hivyo mtoto aliyemshika hana budi kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Wala hapana haja ya tangi. Ukuta wa bweni wenye taa unatosha kabisa. Mijusi wawili watatu huja pale pale kila usiku, na mwanafunzi mwenye daftari ataweza kuwatofautisha baada ya wiki moja kwa mikia yao na makovu yao: nani alikuja saa ngapi, nani ana uvimbe shingoni na umeondoka lini, nani jana alikuwa na vidole vitano. Hakuna maabara ya bei nafuu kuliko hiyo katika shule zetu za Kisauni. Mwalimu wa sayansi ataona elimu ya viumbe, na mwalimu wa Kiswahili, ikiwa ana masikio, ataona insha isiyokuwa na maneno ya kuazima.

Yapo mayai ambayo sijayaeleza. Chausiku alipokufa, binti yangu alilitoa tangi nje, akarudisha mchanga ufuoni, na mimi nikaiuza balbu kwa jirani. Lilibaki lile gome la mwembe na mayai mawili yaliyogandamana nalo. Mama alisema hatalala nyumba moja na mayai ya kafiri. Alilichukua gome akatoka nalo, nasi tukajua limekwenda jaani. Daftari likakaa bila ya kuandikwa kitu kwa majuma kadhaa, kisha likaendelea, safari hii kwa habari za mijusi wa ukuta wa barazani. Majuzi nililifungua tena, kwa ruhusa, nikakuta ukurasa mmoja wenye mistari miwili tu:

“Jumapili. Gome liko nyuma ya mtungi wa Nyanya, na yai moja lina tundu. Nyanya amekaa karibu, amemwona mdogo akipanda ukuta, hakusema kitu.”